Mgonjwa Asiye na Adabu

"Andika hivi," alisema Mama Cherehani. "Mke mwenzangu nimemtesa mimi miaka yote ile, na ruhusa ya kumtesa nilikuwa nayo mimi peke yangu. Sasa kuna mtu ameniingilia kazi. Namtaka."

Inspekta hakuandika. Aliketi kando ya kitanda kwenye stuli iliyolia kama paka aliyekanyagwa mkia, akangoja. Kituoni walimwita Kupe, kwa sababu akishajibandika kwa mtu hang'oki mpaka ashibe, na ukimtazama umbo ungejua ameshashiba kwa wengi.

"Unamtaka umfanye nini, mama?"

"Nikuambie wewe askari? Ili unitie pingu mimi, yeye aende zake?" Mkono wake mmoja ulikuwa umezama chini ya godoro, na haukutoka.

Alikuwa mwanamke mrefu aliyepungua mpaka shingo ikabaki kama ya mtu mwingine. Nusu ya watoto wa mji ule walikwenda shule na sare alizozishona yeye. Saratani ya titi ilikuwa imetoboka ikawa kidonda, na kidonda kilifungwa bandeji pana iliyopita kwapani. Kitanda cha jirani yake kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa. Hapo ndipo alipolazwa mke mwenzake, aliyekuwa na saratani ya paja. Mume wao alishakufa zamani, nao waliendelea kugombana kwa ajili yake kana kwamba ametoka tu kununua gazeti.

"Ulimwambia askari wa zamu kwamba una ushahidi," Inspekta alisema.

Mama Cherehani alivuta shuka kutoka chini ya mto kwa mkono uliobaki. "Hili nimelitoa mwilini mwake siku ya kumwosha. Nikawaambia wauguzi ni ukumbusho. Ukumbusho wa nini, mtu aliyekuwa akiniibia chumvi? Tazama pindo."

Inspekta alitazama. Pindo lilikuwa limesagwa, nyuzi zimechambuka.

"Panya?"

"Panya wa wapi mwenye kinywa kipana hivyo? Hayo ni meno ya mtu. Huoni nyuzi hizi mbili katikati zimebaki nzima? Hapo ndipo penye mwanya wake. Mwanya huo huo ndio ulionichukulia mume, nitausahau vipi?" Alilikunja shuka taratibu. "Siku ile alisafishwa kidonda kule chumba cha pili, pazia tu ndilo lililotutenga. Tukaambiwa amechomwa sindano ya usingizi, hasikii kitu. Mtu asiyesikia kitu anatafuna shuka?"

"Hakupiga kelele?"

"Apige kelele na mimi niko nyuma ya pazia? Angekufa kwanza." Alilirudisha shuka chini ya mto. "Na kweli, usiku ule akafa."

Kutoka kitanda cha ng'ambo bibi mmoja mnene aliinua kichwa. Mguu wake mmoja ulikuwa na kidonda cha kisukari, umelazwa juu ya mito miwili kama mgeni rasmi. "Mimi sijui mnalalamikia nini," alisema. "Dawa inafanya kazi vizuri. Juzi nimepaa mpaka nikaliona paa la hospitali kwa juu. Bati la pembeni limepasuka, nimewaambia wakaliziba."

"Huyo tunamwita Bibi wa Safari," Mama Cherehani alimnong'oneza Inspekta. "Kila akisafishwa anapaa. Sisi wengine sijui nauli imetuishia wapi. Na leo ni zamu yangu, mwanangu. Kabla hawajanigusa, nataka nijue ninachomwa nini, na nani amekichezea."

*

Daktari wa usingizi alikuwa mwanamke mwembamba ambaye hata akisimama alionekana anachelewa mahali. Alimpeleka Inspekta kwenye kona ya korido, karibu na sinki.

"Inaitwa ketamini," alisema. "Ni dawa ya chumba cha upasuaji, lakini dozi ndogo inasaidia maumivu makali ya saratani pale mofini inaposhindwa. Tunaposafisha vidonda vikubwa tunaiongeza. Ni mimi niliyeileta wodini. Mwanzoni wagonjwa walikuwa wanalala, tunasafisha, wanaamka wanaulizia chai. Tangu miezi ya karibuni wanalia. Mkurugenzi anasema ugonjwa umeizidi dawa. Leo jioni anasimamisha huduma."

"Wewe unasemaje?"

"Nasema vichupa vimetiwa maji. Kizibo ni mpira. Unaingiza sindano nyembamba, unanyonya dawa, unarudisha maji ya dripu, na hakuna atakayeona. Nimepeleka kimoja maabara. Majibu mwezi ujao, wakikumbuka."

"Mtu aliyechomwa dawa yenyewe anakuwaje? Analala kama ninavyolala mimi?"

"Unalalaje?"

"Nakoroma, na mume wangu anahamia sebuleni."

Daktari karibu acheke. "Hapana. Macho yanabaki wazi, yanachezacheza kulia na kushoto. Anapumua vizuri, lakini mwenyewe hayupo. Ukimwita haitiki, ukimfinya hasikii. Akirudi wengine husema walikuwa wanaruka."

"Vichupa vinapita mikono ya nani?"

"Fundi wa usingizi anavitoa stoo kuu na kuvileta. Sista anavifungia kabatini. Ikifika zamu ya mgonjwa, fundi anachukua kichupa na kuchoma, dresa anasafisha kidonda."

"Siku ya marehemu, chumbani alikuwemo nani?"

"Hao wawili. Fundi kichwani kwa mgonjwa, dresa kwenye paja. Sista alikuwa mapokezi. Mimi nilikuwa kwenye upasuaji wa dharura." Alilifunga bomba la sinki lililokuwa limeshafungwa. "Nilipaswa kuwepo."

Inspekta alimwomba Sista ufunguo wa kabati, akautia mahali ambapo hakuna mwanamume angethubutu kuufuata.

*

Fundi wa usingizi aliitwa Asali, kwa ulimi wake. Hakuna bibi kizee aliyempita bila kuitwa mchumba. Koti lake lilipigwa pasi mpaka mifukoni, na alimkaribisha Inspekta kiti kabla hajaulizwa lolote.

"Afande, karibu sana. Umechoka, naona. Hawa wakubwa zako hawakuonei huruma?"

"Wananiogopa. Niambie habari za marehemu."

"Maskini, yule mama." Asali aliinamisha kichwa. "Alilala fofofo. Mkono wangu ulikuwa kwenye paji la uso wake mwanzo hadi mwisho. Hakutamka hata neno moja."

"Ungesikia kama angetamka?"

"Afande, hiyo ndiyo kazi yangu. Nasikia hata pumzi ikibadilika."

"Kuna mtu anatia maji kwenye vichupa."

"Nimesikia, na imeniuma." Akaweka kiganja kifuani. "Lakini nikuulize kitu. Humu wodini amelazwa mama mkwe wangu, yule anayesimulia safari zake. Mama aliyenipa mke! Mimi naweza kuichezea dawa anayochomwa yeye?"

Inspekta alikubali kwamba hilo lilikuwa jibu zito. Mtu anaweza kuiibia serikali, akamwibia na jirani, lakini kumwumiza mama mkwe kunahitaji ujasiri wa pekee.

Asali alisogea karibu. "Sipendi kusema watu. Lakini ukifungua kabati la nguo la dresa, utakuta vichupa. Sisemi zaidi."

"Umeshasema," Inspekta alijibu, akainuka.

*

Vichupa vilikuwepo kweli. Vilipangwa nyuma ya viatu, na ndani yake mlikuwa na unga wa kahawia. Inspekta alikifungua kimoja, akakisogeza puani, akavuta.

Alipiga chafya mpaka mlango wa kabati ukajifunga wenyewe.

"Ni ugoro, afande," alisema dresa. Alikuwa pande la mtu, viganja kama sinia, na sauti ndogo iliyoonekana kuazimwa kwa mtoto wake. "Sista hataki kuuona kazini. Kichupa kitupu kinaenea vizuri mfukoni."

Inspekta alijipangusa machozi. Njia moja ilikuwa imeishia puani mwake. Lakini kupe haachi ngozi kwa sababu ya chafya, na mtu alikuwa tayari mbele yake.

"Ulimsafisha marehemu. Ilikuwaje?"

"Vizuri tu, afande. Yule mama alikuwa na adabu sana. Mimi nikivuta shashi iliyoganda nasema, 'Pole, mama.' Naye ananijibu, 'Nimeshapoa, mwanangu.' Mpaka bandeji ya mwisho. Meno ameyauma, lakini anajibu. Katikati alikuwa akijifunika shuka mdomoni, nikadhani anasikia baridi."

"Hukushangaa? Si amechomwa sindano?"

"Nishangae nini, afande? Mimi ni wa vidonda. Mambo ya usingizi ni ya Asali, na Asali alisema dawa imeingia. Hapa wote wananijibu. Hata wale wanaolia wanajibu kwa kwikwi. Watu wa siku hizi tunawasema bure, adabu ipo."

"Wote?"

Dresa alichezea kifungo cha koti. "Wote ila mmoja. Sitaki matatizo, ni mkwe wa mtu. Yule bibi wa safari. Nampa pole mpaka koo linakauka, ananikodolea macho tu, yanakwenda huku yanakwenda kule, kama ananipima nguo. Hajawahi kuniitikia hata siku moja. Nilimsemea kwa Sista. Yule bibi hana adabu kabisa."

Inspekta alikuwa ameinua leso kwa chafya nyingine. Chafya ikaahirika.

"Rudia hapo."

"Hana adabu, afande."

"Na marehemu alipokuwa akikujibu, Asali alikuwa amesimama wapi?"

"Kichwani kwake, mkono kwenye paji la uso."

"Angeweza asisikie?"

"Chumba kile? Tumbo langu likinguruma mle, hata aliye mlangoni anakaribishwa chakula."

Inspekta alimrudishia kichupa chake cha ugoro, kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi tuzo. Kisha akaenda kumtafuta daktari, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitembea haraka.

*

"Leo tunaanza na bibi," Inspekta alitangaza wodini. "Hapa hapa kitandani, ni mguu tu. Pazia libaki wazi."

Daktari alikuwa amesimama karibu na dirisha, mikono mfukoni, uso umemsawijika. Wanawake waliokuwa wanaweza kukaa walikaa. Mama Cherehani alijiegemeza kwenye kiwiko, mkono ule mwingine bado chini ya godoro.

Asali alikuja na tabasamu lake na trei yake. "Mama mkwe, mchumba wangu wa kwanza! Leo unakwenda wapi?"

"Mbali, baba," alisema Bibi wa Safari. "Leo nataka nivuke bahari."

Inspekta alifungua kabati, akachukua kichupa, akamwekea Asali kiganjani. Kisha akasimama ubavuni kwake, karibu kiasi kwamba mfuko wa kulia wa koti lile, uliokuwa umetuna, ukabanwa na nyonga yake.

"Chukua hicho. Kimeletwa pamoja na kile cha marehemu, na kabati halijafunguliwa tangu nichukue ufunguo."

Asali alivuta dawa kwenye bomba la sindano. Akalitazama dirishani. Akaligonga kwa ukucha, akaligonga tena.

"Afande, hiki naona kimekaa kwenye joto. Nikalete kingine."

"Kimekaa kabatini, na kabati lipo kivulini."

"Basi nipishe kidogo nipate hewa."

"Hewa ni hii hii tunayovuta wote."

Dresa, ambaye hakuna aliyemwambia kitu, alikuwa ameshaufikia mguu na koleo lake. Akashika ncha ya bandeji. "Pole, bibi," alisema, kwa uchungu wa mtu aliyezoea kudharauliwa.

"Nimeshapoa, baba," Bibi wa Safari akamjibu kwa uchangamfu. "Lakini mbona hujanigusa?"

Koleo lilidondoka kwenye trei. "Kumbe anayo!" dresa alisema. "Afande, adabu anayo!"

"Anayo," Inspekta alisema. "Wote mnayo humu. Anayeitikia pole yuko macho, basi. Bibi huyu haitiki kwa sababu anachomwa dawa ya kweli, si bure kwamba anapaa yeye peke yake. Wenzake wanaitika kwa sababu wanachomwa maji." Akamgeukia Asali. "Marehemu aliitikia mpaka bandeji ya mwisho. Wewe umeniambia unasikia hata pumzi ikibadilika, na kwamba hakutamka neno. Sasa choma."

"Baba, choma basi," alisema Bibi wa Safari. "Unangoja nini?"

Asali alimtazama mkwe wake, akalitazama koleo, akautazama mguu. Jasho lilikuwa limeiharibu pasi ya kola yake. Sindano ilisogea mpaka karibu na mkono wa bibi, ikasimama pale.

"Si hiki," alisema.

"Sema kwa sauti. Kuna wanaoumwa masikio."

"Si hiki! Chake kiko... chake nakibeba mwenyewe."

Inspekta aliingiza mkono kwenye mfuko aliokuwa ameubana, akatoa leso, na ndani ya leso kichupa. Alimrushia daktari, ambaye alikidaka kwa mikono yote miwili na kukikumbatia.

"Na vingine?"

"Kuna watu wa klabu wananunua," Asali alisema, akitazama sakafuni. "Vijana wanapenda kupaa."

Bibi wa Safari alikuwa bado ameunyoosha mkono, umekunjuliwa kwa sindano. Aliurudisha kifuani polepole.

"Nimewasimulia mawingu," alisema. "Wewe. Umeniacha niwasimulie wenzangu mawingu, nao wametoka kutafuna mashuka." Halafu akainama, akaivua ndara ya mguu ule mzima na kuirusha kwa mkono mzima, nayo ikampata Asali sikioni kwa mlio ambao wodi ile iliukumbuka kwa muda mrefu na kwa furaha.

"Nyingine ninayo mimi!" alipiga kelele mama wa kitanda cha mlangoni. "Nipisheni niirushe!"

"Tulieni," Inspekta alisema, lakini aliyasema hayo baada ya ndara ya pili kufika. Kisha akamfunga Asali pingu.

*

Daktari alikwenda stoo kuu mwenyewe, akarudi na boksi ambalo gundi yake haijabanduliwa. Akalifungua mbele ya Mama Cherehani, akamwonyesha kifuniko.

"Sasa ni zamu yako, mama."

Inspekta alikuwa ameshamfikisha Asali mlangoni.

"Mwache hapo," alisema Mama Cherehani.

"Mama, gari linangoja."

"Lingoje. Asubuhi uliniuliza nataka nimfanye nini." Mkono ukatoka chini ya godoro. Ulikuwa umeshika mkasi wa kukatia nguo, ule mzito, wa chuma kitupu, na makali yake yalikuwa yametoka kunolewa. "Nilimwambia mjukuu wangu nauhitaji kukatia nyuzi. Nilikuwa nimeshachagua mahali pa kuanzia."

Asali alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Chukua, mwanangu, kabla sijabadilisha mawazo." Akampa Inspekta mkasi, mpini mbele. "Nimepata kitu kinachoingia ndani zaidi ya mkasi. Mlete hapa. Asimame kichwani kwangu, mahali pake pa siku zote. Akiziba masikio, yakate."

Inspekta alimleta. Sheria haikuruhusu, na pia haikuwepo.

Daktari alichoma, taratibu, mkono mwingine kwenye mshipa wa mgonjwa, akihesabu pumzi zake. Mama Cherehani aliendelea kumkazia Asali macho kutoka chini. Kisha yale macho yakaanza kucheza, kulia, kushoto, na chuki iliyokuwemo ikaachia, kama uzi uliokatwa mwishoni mwa mshono. Yakabaki wazi, hayana mtu.

Dresa alilowesha bandeji, akaikunjua. Chini yake shashi ilikuwa imeganda kwenye nyama. Akaishika ncha.

"Pole, mama."

Kimya.

Akavuta. Shashi ikatoka na sauti ya kitambaa kinachochanwa. Wanawake wengine walijifunika nyuso.

"Pole, mama."

Kimya. Kifua kilipanda, kikashuka. Kidole hakikutikisika.

"Pole sana, mama," dresa alisema mara ya tatu, na safari hii hakungoja jibu, maana machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kidevuni na alikuwa anacheka. Kwenye kitanda cha ng'ambo Bibi wa Safari alilia bila kujificha. Kitanda cha jirani, chenye godoro lililokunjwa, kilikaa kama kilivyo.

Asali alikuwa amefumba macho. Masikio hakuweza kuyafumba. Alianza kusema kitu, kwamba basi inatosha, kwamba apelekwe. Inspekta alimsubirisha mpaka bandeji mpya ilipofungwa na pini kuchomekwa. Ndipo alipomshika mkono, akaikaza pingu jino moja zaidi ya ilivyohitajika.

Asali alikunja uso.

"Pole," Inspekta alisema.

"Nimeshapoa," Asali akajibu, kwa mazoea.

Naye alikuwa macho kabisa.